Mradi wa Kikundi: Mambo ya Kukubaliana Kabla Pesa Haijaguswa

Muda: dakika 20
Sauti: watangazaji wawili, mwanamke (MTANGAZAJI 1) na mwanamume (MTANGAZAJI 2)
Kwa viongozi wa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya mjadala yako mwisho wa mswada huu. Mwombeni mmoja wenu aje na daftari na kalamu.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA KWA SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA NA KUBAKI CHINI)

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumza na wewe uliye katika kikundi: kikundi cha akina mama, cha vijana, cha ushirika wa kanisa au msikiti, au chama kidogo ambacho wakimbizi wenyewe wamekiunda. Mmepata pesa kidogo, au mmechangishana wenyewe, na mnataka kufanya mradi.

MTANGAZAJI 2: Mradi, au proje, kama wasemavyo wengi wetu tuliotoka Kongo.

MTANGAZAJI 1: Ni kitu kilekile. Na miradi mingi ya vikundi huvunjika kabla ya mwaka kwisha. Watu hulaumiana, majirani waliokuwa wakisaidiana hawasalimiani tena kwenye foleni ya maji. Ukiuliza chanzo, utaambiwa pesa. Lakini ukichimba zaidi utakuta kwamba ugomvi wa pesa ulizaliwa mapema, siku ile ya kwanza, kwa sababu kuna mambo ambayo kikundi hakikuyasema wazi na hakikuyaandika. Mambo hayo ndiyo mada yetu ya leo.

(MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, KISHA UNAZIMA)

MTANGAZAJI 2: Tuanze na neno lenyewe, dada. Mradi ni nini? Maana hata kuuza nyanya sokoni watu huita mradi.

MTANGAZAJI 1: Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye lengo moja linalojulikana, na yenye pesa, watu na muda uliotengwa kwa ajili yake. Kuuza nyanya kila siku ni biashara. Haina siku ya mwisho. Lakini mkisema, "Katika wiki 12 tutawafundisha wanachama 12 kutengeneza sabuni, tutatengeneza vipande 800 na kuviuza," huo ni mradi. Siku ya mwisho ikifika, mtu yeyote anaweza kuuliza: mmetengeneza? Mmeuza? Pesa ziko wapi? Nanyi mtakuwa na jibu.

MTANGAZAJI 2: Basi tuichukue hiyo sabuni iwe mfano wetu. Si kikundi cha kweli, ni mfano tu, ili tuhesabu pamoja.

MTANGAZAJI 1: Vizuri. Kikundi cha watu 12, kina shilingi 600,000 za mfano. Wasikilizaji wa Kenya, Uganda na Tanzania mnajua shilingi zetu hazilingani thamani, kwa hiyo msishike bei, shikeni njia ya kuhesabu.

Jambo la kwanza la kukubaliana: tunafanya mradi huu kwa sababu gani? Vikundi vingi huanza na jibu kabla ya swali. Wamesikia kuna pesa za cherehani, wanaomba cherehani. Baadaye cherehani zinakaa ndani zikikusanya vumbi kwa sababu hakuna aliyetaka kushona, au mafundi walikuwa tayari wengi. Anzeni na shida ambayo watu wenyewe wanaiona.

MTANGAZAJI 2: Una mfano wa watu waliofanya hivyo?

MTANGAZAJI 1: Ndiyo, na ni wakimbizi wenzetu. Kampala, nchini Uganda, kuna shirika liitwalo Young African Refugees for Integral Development, kwa kifupi YARID. Lilianzishwa mwaka 2007 na vijana wakimbizi kutoka Kongo. Walianza na mpira wa miguu, kuwakutanisha vijana wa makabila na mataifa mbalimbali. Walipokutana uwanjani na kuzungumza, walitambua kwamba kikwazo kimoja kikubwa ni lugha: bila Kiingereza ilikuwa vigumu kupata kazi, hata kujieleza ofisini au hospitalini. Wakaanzisha madarasa ya Kiingereza. Mafunzo mengine, yakiwemo ya ushonaji kwa wanawake, yakafuata. Hawakuanza na orodha ya vifaa. Walianza kwa kuwasikiliza watu.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo kikundi chetu cha sabuni, kabla ya kununua chochote, kinapaswa kuuliza: je, sabuni inahitajika katika zoni yetu? Wengine wanaiuza kwa bei gani? Je, shirika fulani linaigawa bure mwezi ujao?

MTANGAZAJI 1: Hasa! Zungukeni kwenye vibanda, ulizeni. Siku moja ya kuuliza inaweza kuwaokoa na hasara ya miezi mitatu.

Na pamoja na hilo, ulizeni kuhusu ruhusa. Sheria si moja katika nchi zote. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Tanzania, sheria ya mwaka 1998 inadai kibali kwa anayetaka kutoka nje ya kambi. Kwa hiyo kabla ya kupanga kununua mafuta mji wa jirani, au kufungua kibanda, nendeni kwa kiongozi wa zoni, kisha ofisi ya kambi au ya makazi, mwulize nini kinaruhusiwa. Jibu mkipewa, liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe na cheo cha aliyewajibu. Si vizuri bidhaa zenu zikamatwe njiani kwa sababu hamkuuliza.

(KIPANDE CHA MUZIKI, SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI 2: Tumekubaliana lengo, tumeuliza ruhusa. Jambo la pili?

MTANGAZAJI 1: Jambo la pili ni ratiba. Hapa wengi hukosea kwa sababu wanahesabu kuanzia leo kwenda mbele. Hesabuni kutoka siku ya mwisho mkirudi nyuma.

Tazama sabuni ya kipande. Inatengenezwa kwa mafuta, kwa mfano ya mawese, pamoja na maji na soda kali, ile kostiki. Mkishachanganya na kumimina kwenye fremu, baada ya siku moja au mbili mnaweza kukata vipande. Lakini sabuni hiyo haiko tayari. Inahitaji kukauka na kutulia wiki 4 hadi 6. Ukiiuza mapema ni laini, inaisha haraka, na inaweza kuwasha ngozi. Mteja hatarudi.

MTANGAZAJI 2: Wiki 4! Na mradi wote ni wiki 12.

MTANGAZAJI 1: Ndiyo maana tunarudi nyuma. Wiki ya 12 ni ya kufunga hesabu na kutoa taarifa. Wiki ya 11 ni ya mauzo ya mwisho. Ili sabuni ya mwisho iuzwe wiki ya 11, lazima iwe imekauka wiki ya 7, 8, 9 na 10. Maana yake lazima imiminwe si zaidi ya wiki ya 6. Wiki ya 1 ni ya ruhusa na manunuzi, wiki ya 2 ni ya mafunzo na majaribio. Basi zimebaki wiki ya 3, 4, 5 na 6 za kutengeneza. Awamu nne tu. Kama mnataka vipande 800, kila awamu itoe 200. Kikundi ambacho hakikuhesabu hivi kitafika wiki ya 9 kikiwa bado kinamimina, na mfadhili atakuja kuuliza mauzo yako wapi.

MTANGAZAJI 2: Na pesa pia hazirudi mapema.

MTANGAZAJI 1: Ile ya wiki ya 3 itauzwa wiki ya 8. Kwa muda wa miezi miwili hivi pesa zinatoka, haziingii. Waambieni wanachama ukweli huo siku ya kwanza. Asiyejua ataanza kunong'ona wiki ya 5 kwamba viongozi wamekula.

MTANGAZAJI 2: Hapo umegusa penyewe. Kabla hatujaenda mbele, umetaja soda kali. Tuwatahadharishe wasikilizaji.

MTANGAZAJI 1: Ni lazima. Soda kali huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Vaeni glavu na miwani ya kukinga macho. Mimina soda ndani ya maji polepole. Kamwe usimimine maji juu ya soda, kwa sababu inaweza kuruka na kukuunguza. Msitumie sufuria ya alumini, soda huila. Watoto wakae mbali, na soda isiwekwe kwenye chupa ya soda ya kunywa wala ya maji. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati. Na msianze bila mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

(KIPANDE CHA MUZIKI, SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI 2: Jambo la tatu.

MTANGAZAJI 1: Nani anafanya nini. Kwenye vikao husikika sana: "Tutanunua mafuta." Huyo "tu" ni nani? Jambo likiwa la wote, mara nyingi huwa si la mtu. Kila kazi iandikiwe jina la mtu mmoja na siku ya kumaliza. Kununua mafuta: jina, Jumanne. Kutafuta mbao za fremu: jina, Alhamisi. Wengine wanaweza kumsaidia, lakini anayeulizwa ni mmoja.

MTANGAZAJI 2: Na kwetu kambini kuna jambo lingine. Mtu yupo leo, kesho hayupo.

MTANGAZAJI 1: Hilo ndilo linalotutofautisha na vikundi vya mjini. Mweka hazina anapigiwa simu, amepata safari ya kwenda Kanada, anaondoka baada ya siku chache. Katibu amejiandikisha kurudi Burundi. Mwingine amehamishiwa zoni nyingine. Tunawatakia heri wote. Lakini kama hesabu zilikuwa kichwani mwa mweka hazina, mradi umepanda ndege pamoja naye.

Kwa hiyo kila kazi muhimu iwe na watu wawili: mwenye kazi na msaidizi anayejua kila kitu anachokijua mwenye kazi. Na anayeondoka asiondoke hivihivi. Aketi na kikundi, pesa zihesabiwe mbele ya watu, daftari, funguo na risiti zikabidhiwe, wote wawili watie sahihi au alama ya kidole. Hata kama safari ni kesho, saa moja ya makabidhiano inatosha. Inamlinda pia yeye anayeondoka, asije akaitwa mwizi akiwa ng'ambo hawezi kujitetea.

MTANGAZAJI 2: Tuje kwenye pesa sasa.

MTANGAZAJI 1: Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Jambo la nne ni bajeti na daftari. Tuandike bajeti yetu ya mfano. Ukiwa na kalamu, andika.

Mafuta, madumu 4 ya lita 20: shilingi 260,000.
Soda kali, kilo 10: 60,000.
Glavu, miwani, ndoo na mizani: 80,000.
Mbao za fremu: 50,000.
Usafirishaji: 70,000.
Karatasi za kufungia na madaftari: 20,000.
Akiba ya dharura: 60,000.

MTANGAZAJI 2: Jumla shilingi 600,000. Lakini hiyo akiba ya dharura, watu hawataiona kama pesa iliyokaa bure?

MTANGAZAJI 1: Ni sehemu ya kumi ya pesa zote, nayo ina kazi. Bei ya mafuta hupanda. Mvua hukata barabara. Dumu linatoboka. Bila akiba, tatizo dogo linasimamisha kazi yote. Isipotumika, mtaigawa au mtaiweka mwishoni.

Sasa gawanya 600,000 kwa vipande 800. Unapata 750. Hiyo ndiyo gharama ya kipande kimoja. Mkiuza kwa 700 ili kuwashinda wenzenu sokoni, mtauza vyote, mtashangilia, na mwisho pesa mlizoanza nazo zitakuwa zimepungua kwa 40,000. Mkiuza kwa 1,000 na vyote vikanunuliwa, mtapata 800,000. Lakini baadhi vitavunjika na vingine vitakopeshwa, kwa hiyo msigawane faida kabla haijaonekana.

MTANGAZAJI 2: Na pesa zikae wapi?

MTANGAZAJI 1: Vikundi vya kuweka na kukopa vimetufundisha njia nzuri. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa huko, na leo uko kambi nyingi. Wanatumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao si viongozi, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Linafunguliwa kwenye kikao tu, mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti. Hata asiyejua kusoma anasikia na kukumbuka kiasi kilichobaki.

Mkitumia simu kutunza pesa, namba ya siri isijulikane kwa mtu mmoja aliyesajili laini peke yake. Pangeni mtu mmoja ashike laini na mwingine ashike namba ya siri, na ujumbe wa salio usomwe kila kikao.

Kila pesa inayotoka iandikwe: tarehe, kiasi, imenunua nini, nani kaichukua, risiti iko wapi. Muuzaji hana risiti? Andikeni kwenye karatasi, naye atie sahihi, na mwanachama wa pili awe shahidi.

MTANGAZAJI 2: Dada, nikuulize swali gumu. Mgao umepunguzwa. Mwanachama ana watoto, hawajala, naye anajua kwenye sanduku kuna pesa. Unamwambia nini?

MTANGAZAJI 1: Swali hilo lijibiwe siku ya kwanza, kabla njaa haijafika. Vikundi vya kuweka na kukopa huwa na mfuko wa jamii, tofauti na pesa za mikopo. Kila mmoja anachangia kidogo, na ni kwa ajili ya ugonjwa, msiba au shida kubwa. Nanyi fanyeni hivyo. Kubalianeni: kiasi gani, kwa shida gani, kinarudishwa au hakirudishwi. Mwenye shida atakuwa na mlango wa kubisha bila aibu, na pesa za mafuta zitabaki za mafuta. Msipouweka mlango huo, watu wazuri kabisa watajikuta wanachukua kwa siri, na siri hiyo ndiyo itakayowavunja.

(KIPANDE CHA MUZIKI, SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI 2: Jambo la tano, ambalo ndilo la mwisho?

MTANGAZAJI 1: Tutajuaje kama tunakwenda vizuri? Kaeni kikao kifupi kila wiki, siku ileile, saa ileile. Nusu saa inatosha. Ulizeni maswali matatu: wiki iliyopita tulisema tutafanya nini? Tumefanya nini? Nini kinatukwamisha? Kisha pesa zihesabiwe, na mambo yaandikwe.

Katika kikao hicho, anayeleta habari mbaya asikaripiwe. Mtu akisema, "Dumu moja la mafuta lina maji ndani," mshukuruni. Mkimfokea, safari ijayo atanyamaza, na mtagundua sabuni ikiwa imeharibika tayari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpango ukihitaji kubadilika, badilisheni pamoja, andikeni, na kama kuna mfadhili mwambieni mapema. Mfadhili akielezwa wiki ya 4 kwamba bei imepanda, mara nyingi mtazungumza na kuelewana. Akiligundua mwenyewe wiki ya 12, imani imekwisha.

MTANGAZAJI 2: Na wale wanachama wasiosikika? Akina mama wanaokaa nyuma, mwenye ulemavu, kijana, mtu wa kabila lenye watu wachache?

MTANGAZAJI 1: Waulizeni kwa majina. Na msiweke kikao saa ya kuchota maji au ya kupika halafu mseme wanawake hawaji. Tena, nafasi katika mradi hainunuliwi. Mtu yeyote, awe kiongozi wa kikundi, wa zoni au mfanyakazi wa shirika, akikudai pesa au akikutaka kimapenzi ili jina lako liingie kwenye orodha, huo ni unyanyasaji. Una haki ya kukataa na kutoa taarifa kwenye dawati la malalamiko au ofisi ya ulinzi kambini kwako.

MTANGAZAJI 2: Mradi ukifika mwisho?

MTANGAZAJI 1: Ufungeni rasmi, hata kama haukufanikiwa. Itisheni mkutano, someni hesabu yote mbele ya wanachama na majirani: tulipata kiasi gani, tulitumia kiasi gani, tulitengeneza vipande vingapi, vimeuzwa vingapi, nani anadaiwa, vifaa viko kwa nani. Kama ni vipande 610 badala ya 800, semeni 610 na mweleze sababu. Kikundi kinachosema 610 kwa ukweli kitaaminiwa mara ya pili. Na fremu, ndoo na mizani bado zipo. Amueni ni za nani, msiwaachie watu kuzigombania.

(MUZIKI UNAINGIA TARATIBU NA KUBAKI CHINI)

MTANGAZAJI 2: Ndugu msikilizaji, tukumbushane mambo matano ya kukubaliana na kuandika kabla hamjagusa pesa. Moja, kwa nini tunafanya mradi huu, na tunataka kufikia nini. Mbili, ratiba, tukihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Tatu, nani anafanya nini, na nani ni msaidizi wake. Nne, bajeti, daftari, na mahali pa kutunza pesa. Tano, siku ya kikao cha kila wiki.

MTANGAZAJI 1: Yote matano yanaenea kwenye kurasa mbili za daftari. Yasomeni kwa sauti kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, kisha wote mtie sahihi au alama ya kidole. Kurasa hizo mbili zitawasaidia siku ambayo mtu ameondoka, bei imepanda, au maneno yameanza.

MTANGAZAJI 2: Jadilianeni na wenzenu, na tukutane tena wiki ijayo. Kwaheri.

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNAZIMA)

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika zoni yenu, ni mradi gani wa kikundi mliouona ukifanikiwa? Ni mambo gani kati ya yale matano waliyafanya vizuri?
2. Kama mweka hazina wenu angeondoka kesho asubuhi, nani angejua pesa ni kiasi gani na ziko wapi?
3. Chagueni kazi moja mnayotaka kuifanya. Andikeni siku ya mwisho, kisha rudini nyuma wiki kwa wiki hadi leo. Je, muda unatosha?
4. Kikundi chenu kitamsaidiaje mwanachama mwenye njaa au mgonjwa bila kugusa pesa za mradi?
5. Nani huwa hasemi kwenye vikao vyenu? Mtafanya nini ili asikike?